Utaratibu na Vurugu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasanii wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua, au anayekaribia kuamua, kufanya kazi ya sanaa juu ya utaratibu na vurugu: mashairi, michoro, filamu fupi, wimbo wa taarab, mchezo wa jukwaani, hata mkeka. Maswali yametoka kwa vijana wa mjini na wa shamba, kwa walimu wa skuli, na moja mawili kwa wazazi wenye wasiwasi. Penye mengi nimekaa, pasipo na mengi nimepita.

Mada hii si kubwa mno? Naanzia wapi?

Ni kubwa, na ndiyo maana wengi huzama humo. Mtu akiambiwa vurugu huchora moto, hupaka nyekundu na nyeusi, au huandika shairi lenye radi tatu. Akiambiwa utaratibu huchora mistari iliyonyooka. Kazi inaishia hapo na mtazamaji anapita zake.

Ushauri wangu ni mmoja, na majibu mengi ya hapa chini yanaurudia kila moja kwa njia yake: anza na kanuni. Tafuta kitu kimoja kidogo chenye masharti makali. Kinaweza kuwa mchezo, kipimo, ratiba au msuko. Kaa nacho mpaka uone kinavujia wapi. Vurugu inayofaa kwa kazi yako imo ndani ya kanuni yenyewe. Ile unayoileta kutoka nje na kuimwaga juu ya karatasi ni kelele tu, na kelele tunazo za kutosha pale sokoni Darajani saa tano za asubuhi.

Lakini vurugu si ndiyo kukosekana kwa kanuni?

Watu wengi hufikiri hivyo. Nenda kakae penye bao jioni moja.

Bao la kete lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi. Hakuna dadu. Hakuna karata ya kuficha. Kila kitu kiko wazi mbele ya wachezaji wawili na mbele ya wale watu wazima waliowasimamia mgongoni wakitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Kanuni zenyewe mtoto anafundishika: unanamua, yaani unatia ubaoni kete za mkononi, moja moja; kete yako ikiangukia shimo lako lenye kete, na shimo la mwenzako linaloelekeana nalo lina kete pia, unakula, unazitia kuanzia kichwani, shimo la ncha ya safu, unaendelea. Ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako.

Sasa mtazame mtu aliyekula mara moja, mkono ukazunguka, akala tena, ukazunguka tena. Muulize aliyekaa pembeni kete ya mwisho itaangukia wapi. Mchezaji mzuri anaweza kukwambia kabla mkono haujaondoka, mizunguko kadhaa mbele. Mimi na wewe tunapotea mzunguko wa pili. Na kama shimo moja tu lingekuwa na kete moja zaidi, zamu yote ingegeuka: badala ya kuila nyumba ya mwenzake, angelala mapema na mbavu zake zingebaki wazi.

Vurugu ninayoisema ndiyo hiyo. Kila hatua ina sababu yake, hakuna bahati iliyoingia, na mwisho wake bado haukuonekana kutoka mwanzoni. Basi ukitaka kuchora bao, usichore kete zinazoruka hewani. Chora bao moja mara mbili, kete moja tu iwe tofauti, halafu yafuate yote mawili mpaka zamu iishe. Mtazamaji atayatafutia tofauti mwenyewe, na akianza kutafuta umeshampata.

Nimesikia wanasayansi wana nadharia ya vurugu. Lazima niijue?

Si lazima, lakini kisa chake ni kizuri, na kina kahawa ndani yake.

Mwaka 1961, Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT huko Marekani, alikuwa akiendesha hesabu za hali ya hewa kwenye kompyuta. Alitaka kurudia sehemu ya hesabu ya zamani, basi akachukua namba kutoka kwenye karatasi iliyochapishwa na kuiingiza upya. Karatasi ilionyesha 0.506, ndani ya mashine namba kamili ilikuwa 0.506127. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi akakuta hali ya hewa ya mara ya pili imeanza sawasawa na ile ya kwanza, kisha imeachana nayo kidogo kidogo mpaka zikawa hazina uhusiano tena. Mashine haikuharibika wala hesabu haikukosewa. Kilichofanya yote yale ni vijisehemu vilivyokatwa baada ya nukta. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1963, na mwaka 1972 akatoa mhadhara ulioleta ule mfano wa kipepeo wa Brazili na kimbunga cha Texas.

Unaweza kuliona jambo hilo kwa simu yako sasa hivi. Chukua 0.3. Izidishe kwa kile kinachobaki ukiitoa katika 1, yaani 0.7, kisha zidisha kwa 4. Unapata 0.84. Ifanyie hiyo 0.84 vivyo hivyo, na jibu lake tena, na tena. Halafu anza upya na 0.301. Hatua ya kwanza na ya pili majibu yanafanana mno mpaka unahisi unapoteza wakati. Hatua ya nane moja inasoma karibu 0.45 na nyingine karibu 0.72. Mwaka 1976 Robert May, aliyekuwa akichunguza idadi za wanyama, alionyesha kwamba hesabu fupi za namna hii zinatosha kuzaa mwenendo wenye fujo kubwa.

Nimeona kijana akizigeuza namba hizi kuwa mapigo ya ngoma: namba kubwa pigo zito, namba ndogo pigo jepesi, wapigaji wawili wanaanza pamoja, mmoja kwa 0.3 na mwenzake kwa 0.301. Kwa muda unasikia ngoma moja. Baadaye unasikia mbili, na huwezi kutaja pigo lililowatenganisha.

Ombi langu moja: kipepeo mwacheni. Ameshachorwa.

Vurugu ikishapita, kinabaki nini? Nataka hadithi ya kihistoria.

Soma habari za kimbunga cha Aprili 1872. Kilipiga Unguja, kikavunja majahazi na meli bandarini, na kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba, mwendo mfupi tu wa bahari kutoka hapo, iliponea. Mkarafuu hauchukui miezi kukua, huchukua miaka, kwa hiyo dhoruba ile moja ilipanga upya uchumi wa visiwa vyote viwili: Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, na bado ndiyo.

Kinachonivutia hapa ni mistari. Mashamba ya karafuu hupandwa kwa safu na kwa kupimwa nafasi baina ya mti na mti. Upepo ukaja kwa njia yake, ukafuta safu za kisiwa kimoja na kuziacha za kingine. Karafuu za Pemba leo, zilizoanikwa juani kwenye majamvi kando ya barabara ya kwenda Wete, ni matokeo ya njia uliyochukua upepo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Hadithi ya namna hii haihitaji kuongezewa chochote. Ukiandika igizo, usimwonyeshe mtu akipigwa na kimbunga. Mwonyeshe mwenye shamba Pemba siku ya tatu, bado hajui kwamba amekuwa tajiri.

Nipe mifano ya hapa nyumbani, si ya vitabuni.

Ipo mingi. Nitataja ile ambayo naona haijatumiwa vya kutosha, na mmoja uliotumiwa sana lakini vibaya.

Uliotumiwa vibaya ni Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi. Kila Julai picha zinazosambaa ni zile zile: wanaume wanapigana kwa magomba, banda la makuti linawaka, vumbi. Mtu wa mbali ataapa kwamba ameona ghasia. Tazama tena. Pande mbili zinajulikana, ya kusini na ya kaskazini. Silaha inajulikana, na ni laini kwa makusudi. Wanawake wanapita kiwanjani wamejipamba, wanaimba, na nyimbo zao zina maneno ambayo siku nyingine yangeleta kesi kwa sheha. Aliyekuwa na kinyongo na ndugu yake anakimaliza pale, kisha ni kula pamoja, na mgeni asiye na mwenyeji anakaribishwa. Kwenye banda linalochomwa huingia mtu, naye huchomoka nyuma akawa salama.

Ongeza hili: mwaka wenyewe unaofunguliwa siku ile, Nairuzi, ni wa siku 365, na wazee wa kilimo na wa bahari waliugawa kwa miongo, kumi kumi. Miongo 36 ni siku 360. Tano zinabaki nje ya hesabu. Hata kalenda iliyonyooka hivyo ina ncha isiyoingia, na ncha hiyo iko pale pale mwaka unapogeuka. Huo ndio mchoro, jamani, si vumbi.

Pemba kuna mchezo wa ng'ombe. Watu wazima husema uliachwa na Wareno. Ng'ombe hauawi, anachezewa, anakimbiza, watu wanapanda miti, ngoma hainyamazi. Kinachofaa kuchunguzwa pale ni mstari usioonekana baina ya mchezaji na mtazamaji: uko wapi, nani anauamua, na unahama mara ngapi. Ng'ombe ndiye anayeujua kuliko wote. Mtu anayecheza dansi au anayeongoza igizo angepata mafunzo ya mwaka mzima katika alasiri moja.

Nenda pia Paje au Jambiani maji yakitoka, wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Kilimo cha mwani kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Wanapiga vigingi mchangani, wananyoosha kamba, wanafunga vipande vya mwani kwa nafasi sawa. Ukitazama kutoka juu ni daftari la mistari. Saa chache baadaye bahari imelifunika daftari lote na kulitikisa itakavyo. Ratiba ya kazi haipangwi na saa ya ukutani: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Na ndani ya miaka ya karibuni maji ya ukingoni yamezidi joto, aina yenye bei nzuri zaidi, ile wanayoiita kotonii, ikawa inakufa, na baadhi ya wanawake wakalazimika kupeleka kamba zao kwenye maji marefu. Utaratibu juu ya utaratibu, na kila mmoja una mwenyewe.

Mji Mkongwe ndio vurugu na Michenzani ndio utaratibu, sivyo?

Ukiwa na ramani, ndiyo. Ukiwa na miguu, hapana.

Vichochoro vya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, vinampoteza mgeni, hilo kweli. Lakini aliyezaliwa humo haoni fumbo lolote. Kichochoro ni chembamba kwa sababu kivuli kinahitajika saa saba mchana. Kinapinda kwa sababu nyumba ya mtu ilitangulia njia. Baraza iko pale kwa sababu mgeni wa kiume hapokelewi ndani. Mtaa una msikiti wake, na msikiti ndio unaokwambia uko wapi.

Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, yamenyooka kama yalivyochorwa. Kila dirisha ni sawa na jirani yake. Kaa chini yake jioni, uone watu walivyoufanya unyoofu ule: vibanda vya chipsi na vifaa vya simu, nguo zilizoanikwa, mtoto anayeteremshiwa ndoo kwa kamba kutoka ghorofani, wazee wa karata. Maisha yamejipenyeza kila ufa wa ramani.

Kwa mpiga picha hili ni zoezi zuri: piga vichochoro kwa namna ya kuonyesha kanuni yake, na Michenzani kwa namna ya kuonyesha ilivyovuja. Yaani kinyume na anachotegemea kila mtu.

Naandika mashairi. Nivunje vina na mizani ili nionyeshe vurugu?

Hapa ndipo ugomvi unapoanza, na ni ugomvi wa zamani. Tangu miaka ya 1970, washairi wa mashairi huria walipojitokeza, wenye vina wamekuwa wakisema yale si mashairi, na wenzao wakijibu kwamba vina ni pingu. Mimi sina kambi. Kwa mada hii lakini, mwenye vina ana mtaji ambao mwenzake hana: sikio la msomaji linangojea. Shairi la mizani 16, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho, likifika mstari wa tatu sikio limeshakaa tayari kuupokea wa nne. Tazama ubeti huu niliouandika kwa ajili ya somo tu:

Kila kete na shimole, kila shimo na jirani,
Mkono waenda mbele, ukipita mashimoni,
Watazamaji wa kale, wamekaa barazani,
Nyumba imeliwa.

Mistari mitatu imetimia. Wa nne una mizani sita, kina kimetupwa, kipande cha pili hakipo. Hakuna neno vurugu wala radi. Shairi lote lingekuwa huria, mstari ule ungepita bila mtu kugeuka. Vunja mara moja, basi. Ukivunja kila ubeti, ufikapo wa tatu msomaji ameshazoea, na hapo umetunga utaratibu mwingine bila kujua.

Wewe wa huria usikasirike. Jitafutie sharti lako. Moja ninalolipenda: fuata maji. Kutoka bamvua hadi maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, ni kama wiki moja, na wiki nyingine kurudi. Andika mistari kumi na minne, wa kwanza mrefu kuliko yote, ipungue siku hadi siku, kisha irefuke tena. Somo la shairi liwe lolote, hata deni la dukani.

Na muziki?

Taarab yetu ina somo hili tayari. Ikhwani Safaa, kundi lililoanzishwa 1905, bado liko hai na unaweza kwenda kusikiliza. Bashraf, kipande cha ala tupu, inafungua kwa utaratibu, kila chombo kinajua mahala pake. Halafu inakuja taksim: ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni, au udi, inaachwa peke yake, hakuna ngoma ya dumbak ya kumshika mpigaji mkono, naye anatembea anakotaka ndani ya maqamu, yaani ngazi ya sauti ya wimbo. Anakotaka, ila ndani ya maqamu. Akitoka humo hata asiyejua jina la maqamu atakunja uso.

Sehemu ninayoipenda zaidi haimo hata kwenye nota. Ni kutunza. Mwimbaji amefika kwenye ubeti wenye kijembe. Mwanamke anainuka mstari wa nyuma, anakwenda mbele kwa madaha, noti ya pesa mkononi, na kila mtu ukumbini anamjua anayekusudiwa. Orkesta haikubadilisha hata nota moja, na ukumbi umeshageuka.

Kidumbak ni ndugu wa taarab asiyevaa suti: fidla, vidumbak viwili, sanduku la besi, cherewa, mkwasa. Nyimbo nyingine ni zile zile za taarab, zimekimbizwa. Beni nayo ilizaliwa kwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni, hatua na matarumbeta yote, na leo inaongoza harusi mtaani huku watoto na kinamama wakiharibu safu kwa furaha. Ukitaka kutunga kitu kipya, chukua wimbo wako mmoja uupige kwa njia hizi tatu. Jambo litajieleza.

Mimi nachora na kushona. Kuna nini kwangu?

Khanga. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina chini. Hakuna karatasi ya mazoezi bora kuliko hiyo: pindo lisivunjwe hata kidogo, mji ufanye utakalo, na jina liseme jambo ambalo picha inalikana. Na kumbuka khanga huuzwa doti, vipande viwili sawa. Je, lazima vyako viwe sawa?

Kwa upande wa ususi, waulizeni kinamama wa Pemba. Ukindu unatiwa rangi, unasukwa ukawa ukili, ukili unashonwa ukawa mkeka. Ukiruka jani moja, kosa linakwenda na ukili wote, na baada ya kushona linatokea tena na tena kila ukili unapopita. Fundi hulifumua. Msanii anaweza kuamua kuliacha, lakini aliache akijua litatokea wapi.

Naweza kutumia Mapinduzi ya 1964, uchaguzi, au ajali za meli?

Hakuna wa kukukataza kufikiri. Ila visiwa hivi ni vidogo, na katika kila nyumba kuna mtu aliyeguswa na mojawapo ya hayo, wakati mwingine pande mbili katika nyumba moja. Nimeona michoro ambayo waliokufa wametumiwa kama rangi, ili kazi ionekane nzito. Sikuipenda.

Hata Beit al-Ajaib, jumba la 1883: sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wawili walifariki. Kifusi kile kimeshakuwa kielelezo cha kila mtu anayetaka kusema "utaratibu umeanguka". Kabla hujakitumia, jiulize kama unasema lolote juu ya jumba, au umeipenda picha tu.

Kama kisa ni cha familia yako, anza kwa bibi na babu, na uwaombe ruhusa hata kama unakijua chote. Akikwambia "hayo yaache, mwanangu", yaache, ana sababu.

Mzazi wangu anahofia mada hii ina ushirikina. Nimjibu nini?

Msikilize kwanza, usimjibu haraka. Kisha mwonyeshe kazi yenyewe. Sura ya Al-Qamar, aya ya 49, inasema kila kitu kimeumbwa kwa kipimo, na nakshi za pembe na nyota zinazochorwa kwa bikari na rula zimekuwa njia ya Waislamu ya kulitafakari hilo kwa karne nyingi. Unaweza kuanzia hapo na usitoke. Kuhusu Mwaka Kogwa, familia hazina rai moja; usiifanye kazi yako iwe baraza la kuamulia.

Sina vifaa, nina simu tu.

Inatosha. Iweke mahali pamoja, usiisogeze, rikodi kona ile ile saa ile ile kila siku. Hiyo ndiyo kanuni yako. Mtaa utafanya yaliyobaki.

Tuko kundi la watu sita na hatuelewani. Kila mtu anavuta kwake.

Mmeshapata mada, hongereni. Kwa dhati: andikeni masharti matatu ambayo hakuna wa kuyavunja (ukubwa, rangi au muda, na tarehe ya kumaliza), mengine yote kila mtu afanye atakavyo bila kumwonyesha mwenzake. Mkutane siku ya mwisho. Masharti yakizidi matatu mtarudi kugombana, yakiwa hayapo kabisa hamtamaliza. Na mweka tarehe asiwe yule mwenye studio.

Nitajuaje kwamba kazi yangu ina vurugu ya kweli, si fujo tupu?

Mpe mtu asiyeijua, akae nayo dakika chache, umwombe akisie kinachofuata. Akikisia sawa kila mara, imekaza mno. Asipothubutu hata kukisia, hakuna kanuni aliyoiona, na hiyo ndiyo fujo tupu. Unamtaka yule anayekisia kwa uhakika, akakosea, kisha akarudi nyuma mwenyewe kutafuta alipoteleza. Usimwulize rafiki yako; atasema ni nzuri.

Nataka kwenda Makunduchi na kamera. Kuna la kujua?

Lala huko usiku wa kuamkia siku yenyewe kama una jamaa, kwa sababu magari ya kutoka mjini hujaa. Vaa nguo ya heshima, salimia watu wazima kabla ya kutoa kamera, na uliza nani wa kumwomba ruhusa, utaelekezwa. Usisimame baina ya pande mbili wakati magomba yanaruka, hata kama picha iko pale. Kinamama wanaoimba waombe kabla ya kuwarikodi, na baadhi watakataa. Ukikaribishwa chakula, kamera ikae chini, ule. Picha utakazokosa wakati huo wamezipiga wengine kila mwaka.